Pampu Yenye Taa

Krii... krii... krii.

Juliet alifumbua macho gizani akatega sikio. Kwanza alidhani ni panya, wale panya wa mtaa wa Hai Mauna, Juba, ambao mvua ikianza hukimbilia ndani ya nyumba na kuguguna kila kitu, hata sabuni. Lakini panya hana tabia ya kusikiliza. Huyu aliguguna kidogo, akanyamaza kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna aliyeamka, kisha akaanza tena polepole.

Akapeleka mkono upande wa mumewe. Shuka lilikuwa baridi. Akapapasa upande wa ukutani, akamgusa binti yake Flavia, wa miaka mitano, amelala chali na kinywa wazi. Halafu akashika kifua cha Douglas, mtoto wa miezi sita, aliyekuwa amepungua mpaka mbavu zake zikahesabika kwa vidole. Kifua kilipanda, kikashuka. Anapumua. Siku hizi kila alipoamka hilo ndilo alilolitafuta kwanza, kabla hata ya kumkumbuka Mungu.

Krii... krii.

Alijifunga leso akatoka bila viatu. Uani matope yalikuwa bado laini kwa mvua ya jioni. Emilio, mumewe, alikuwa amepiga magoti mbele ya geti lao, tupa mkononi, kitambaa kilicholoweshwa kimezungushwa kwenye chuma ili sauti isisafiri. Alikuwa akiikata kwa tupa taa ndogo ya chuma iliyochomelewa kwenye geti, kidogo kidogo.

"Baba Flavia."

Emilio aliruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. "Shh! Mwanamke, unataka kuniua?"

"Wewe ndiye unayewaamsha majirani. Mimi nilidhani ni panya."

"Bora na wao wadhani ni panya. Rudi ulale."

Hakurudi. Alichuchumaa karibu naye akamwangalia anavyofanya kazi kwa kupapasa, kwa sababu hata tochi ya simu aliogopa kuiwasha. Emilio alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mkono wake ulijulikana Mauna nzima. Wakati wa kampeni, kila mgombea alipopewa alama yake ili hata asiyejua kusoma ampate kwenye karatasi ya kura, mgombea mmoja asiye na chama alipewa taa ya kandili. Watu wakamwita Mzee wa Taa. Mzee huyo ndiye aliyechimbisha kisima karibu na shule ya msingi akaweka pampu ya mkono, na ndiye aliyempa Emilio kazi ya kuijengea pampu uzio wa chuma, wenye taa kubwa juu yake. Kazi ilipoisha vikabaki vipande. Emilio akachomelea taa ndogo kwenye geti lake mwenyewe, kwa kuwa ilipendeza, na kwa kuwa mteja akipita angeona ufundi. Siasa haikuwamo kichwani mwake. Au ilikuwamo kidogo tu.

Kisha watu wakapiga kura, wakapanga foleni jua lote, kila mmoja na bunda la karatasi za kura mkononi, kwa kuwa vyeo vilikuwa vingi, utadhani anakwenda kufungia maandazi. Redio ikatangaza: chama kikubwa kimechukua karibu viti vyote vya Bunge la Kusini. Mzee wa Taa akatokomea njia ya Kampala. Na Cirillo, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa wakala wake, akatoka jioni moja kwenda kuchaji simu dukani, na hadi leo hajarudi. Wengine walisema alipakiwa kwenye gari, wengine walisema alitoroka mwenyewe. Wote waliyasema hayo kwa sauti ya chini.

"Leo gari za Mheshimiwa mbunge zitapita barabara hii," Emilio alinong'ona. "Mwenyekiti Kenyi amesema. Zikipita, zitakuta geti kama geti la mtu yeyote."

"Na ile kubwa ya kwenye pampu?"

"Ile imefunikwa gunia. Ile si yangu."

"Kila mtu anajua ni ya mkono wako, baba Flavia."

Emilio aliacha tupa. "Ndiyo maana nakuomba," alisema. "Leo mkutanoni ukipewa kipaza sauti, sema uliyotumwa. Shukrani, pongezi, kura ya maoni, kalas, basi. Usiniongezee."

"Sawa," alisema Juliet, na wakati huo alikuwa anamaanisha.

Kulipokucha akachukua jerikeni akamfunga Douglas mgongoni. Flavia alimfuata nyuma akikokota kijerikeni chake cha mafuta ya kupikia. Lori la maji lilisimama penye njia panda, likimimina kutoka kwenye bomba maji yaleyale liliyoyavuta mtoni, yenye rangi ya chai iliyokosa maziwa. Juliet aliyachemsha kila siku, lakini mkaa uliisha upesi kuliko maji, na Flavia akisikia kiu hakungoja yapoe, alichota tu palipo karibu na kumnywesha mdogo wake kwa kijiko kama alivyomwona mama akifanya. Mara ya pili Douglas alipohara hadi macho yakaingia ndani, muuguzi wa zahanati alimtundikia dripu, akamvuta Juliet kando. "Dada," alisema, "mtafutie maji ya kisima. Akirudishwa hapa mara ya tatu kwa maji ya lori, mimi siwezi kukuahidi kitu."

Maji ya kisima yalikuwa hapo, hatua chache kutoka njia panda. Pampu ilisimama kando ya ukuta wa shule, shule ileile walikopigia kura. Tangu siku za kura ilikuwa imezungushiwa gunia kuanzia taa hadi mdomo wa bomba, na juu ya gunia mnyororo mnene wenye kufuli. Hakuna aliyeona nani aliufunga, na hakuna aliyeuliza. Wanawake walipita mbele yake na jerikeni za maji ya mtoni vichwani, wakiangalia upande mwingine, kama mtu anayepita nyumba ya mtu anayemdai.

Cissy, mke wa Cirillo, alikuwa tayari amewasha jiko la chapati chini ya mwavuli wake. Alikuwa Mganda wa Masaka, mnene, mwepesi wa maneno, na tangu mumewe apotee maneno yalikuwa yamezidi kuliko kupungua.

"Nyabo! Leo wewe iko mkubwa. Leo wewe nasema na serikali."

"Nimepewa maneno ya kusema, Cissy. Yananitosha."

"Nani napea wewe maneno? Kenyi?" Cissy alipindua chapati kwa nguvu. "Kenyi mwenyewe naogopa kivuli yake. Mimi naenda kwake, nasema: mwenyekiti, mume yangu iko wapi? Anasema ameacha sufuria motoni. Banange! Mtaa huu mzima, mimi nikisema tu 'Cirillo', kila mtu nakumbuka sufuria yake. Siku moja Mauna yote itaungua."

Juliet alicheka, halafu akaona macho ya Cissy hayakucheka.

"Unataka niseme nini, dada?"

"Mimi hapana ambia wewe kitu. Mimi iko mgeni, sina kura." Alichungulia mgongoni mwa Juliet, akamgusa Douglas kisigino. "Mguu wake baridi," alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake ilikuwa ndogo.

Waliomfanya Juliet achaguliwe kusema mbele ya Mheshimiwa ni wanawake wenyewe, kwa sababu ya darasa la jioni. Mwaka wa pili sasa alikuwa akienda parokiani baada ya kuwalisha watoto, anakaa kwenye benchi moja na madereva, walinzi na akina mama wa makamo, wote wakisoma masomo waliyoyakimbia wakati wa vita. Wiki ile matokeo yalipotangazwa, mwalimu aliandika ubaoni: walio wengi bungeni. Akaeleza kwamba chama chenye viti vingi ndicho kinachopanga kitu gani kitangulie na kipi kingoje. Wakikubaliana asubuhi, jioni imekuwa sheria. Kisha akawauliza, nyinyi mngetaka waanze na nini? Darasa likawa soko. Dereva mmoja alitaka barabara ya Yei. Mama mmoja aliyezalia watoto wote sakafuni alitaka wakunga. Mlinzi alitaka mshahara ufike mwezi unaohusika. Juliet akasema maji, kwa sababu barabara itapitwa na nani kama watoto wamekufa? Mwalimu akacheka, akasema, "Huyu apelekwe bungeni."

Alirudi nyumbani usiku ule moyo umejaa. Baada ya miaka yote ya kambi ya wakimbizi kule Adjumani, Uganda, ya kuhesabiwa na kupangiwa foleni na watu wa mataifa mengine, sasa palikuwa na bunge la watu wao wenyewe, hapa Juba, lenye kazi ya kuamua nini kitangulie. Siku chache baadaye Cirillo akaenda kuchaji simu. Tangu hapo maneno yale ya ubaoni yalimjia kila alipojaribu kulala, lakini yalikuwa na uso mwingine. Wakikubaliana asubuhi, jioni imekuwa.

Mheshimiwa Gune alifika jua likiwa kali. Alikuwa mwanamke wa umri wa kati, aliyeingia bungeni kwa viti vya wanawake vya chama kikubwa, akiwa na gauni la kitenge na miwani ya kusomea ikining'inia kifuani. Mbele ya uwanja wa shule fahali alikuwa amelazwa na kuchinjwa, na Mheshimiwa, kama ilivyo heshima ya mgeni mkubwa, akainua pindo la gauni akaruka juu ya yule fahali. Vigelegele vikapaa. Aliruka vizuri, bila kusaidiwa, na Juliet alifurahi kwa hilo, akajiambia kwamba mwanamke anayeruka hivyo lazima amewahi kubeba ndoo.

Kenyi, mwenyekiti wa mtaa, alimkaribisha kwenye rakuba, kibanda cha nyasi kilichojengwa kwa ajili ya kivuli. Alikuwa amevaa koti zito la suti, na jasho lilimtoka kama mtu aliyenyeshewa. Vijana wawili wenye miwani myeusi walisimama nyuma ya kiti cha Mheshimiwa. Pampu ilikuwa upande wao wa kushoto, wazi kabisa. Kenyi alikuwa amejaribu kuiwekea viti vya plastiki mbele.

Mzee wa kwanza alisimama akashukuru kwa amani. Wa pili akashukuru kwa amani na kura ya maoni ijayo ya kujitenga na Kaskazini. Wa tatu akashukuru kwa waliotangulia kushukuru. Kisha Kenyi akampa Juliet kipaza sauti, akimbana kiwiko. "Fupi, mama Flavia. Fupi."

Juliet alisimama. Alikisogeza mno kinywani, kipaza sauti kikapiga mluzi, na watu wakacheka, naye akatamani kicheko kile kiendelee hadi jioni. Emilio alikuwa nyuma kabisa, amesimama karibu na njia ya kutokea. Cissy alikuwa amembeba Douglas. Mtoto alikuwa macho, kichwa kimemlalia begani, hakulia, wala hakuwa na nguvu za kulia.

"Tunakushukuru, Mheshimiwa," alianza kwa Kiarabu cha Juba. "Tunakupongeza. Na kura ya maoni ikifika, tutakuwa wa kwanza kwenye foleni."

Makofi. Maneno yalikuwa yamekwisha. Angekaa.

"Halafu," alisema.

Kenyi alifumba macho.

"Mheshimiwa, darasani tulifundishwa kwamba walio wengi ndio wanaochagua kitu cha kwanza. Sasa nyinyi ni wengi. Hakuna wa kuwazuia. Tunaomba cha kwanza kiwe maji."

Mheshimiwa Gune aliinua mkono. "Rudia kwa Kiswahili, mama," alisema yule mwanamke. "Polepole. Nimekulia Eldoret, Kiarabu chenu kinanikimbia."

Akarudia. Makofi yakaja tena, ya woga woga, ya watu wanaopima kama kupiga makofi kunaruhusiwa. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kwa lugha aliyokulia nayo kambini, lugha aliyozoea kuitumia kulalamikia posho na foleni, maneno yakamtoka kabla hajayashika.

"Hata hapa pana pampu, Mheshimiwa. Ile pale nyuma ya viti. Mtoto wangu anaumwa kwa maji ya lori, na pampu ile imefungwa mnyororo tangu siku za kura."

Mtu aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna.

"Imefungwa na nani?" aliuliza Mheshimiwa.

"Hatujui. Tulidhani ni nyinyi."

Alisikia pumzi za watu nyuma yake zikiingia kwa pamoja. Mheshimiwa alivaa miwani yake, akageuka kwenye kiti, akaliangalia gunia kwa muda mrefu. Alipogeuka tena uso wake haukuonyesha kitu.

"Unaitwa nani?"

"Juliet."

"Juliet nani? Mke wa nani?"

Kinywa kilifunguka chenyewe. "Juliet Keji. Mke wa Emilio, fundi wa kuchomelea."

Kijana mmoja mwenye miwani myeusi alitoa simu akabonyeza bonyeza.

"Nimesikia," alisema Mheshimiwa Gune. Alimpa Kenyi ishara waendelee, na ngoma ikapigwa mapema kuliko ilivyopangwa.

Nyumbani Emilio hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Aliketi kwenye kigoda akiwa ameshika kisahani cha maharage bila kula.

"Umewapa jina langu," alisema. "Tena kwa kipaza sauti."

"Waliniuliza mke wa nani. Ungetaka nitaje mume wa nani?"

"Ungesema mjane." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakwama. "Maana ndiko tunakoelekea."

"Usiseme hivyo mbele ya mtoto."

Flavia aliinua kichwa kutoka kwenye mchezo wake wa vifuniko vya soda. "Mjane ni nini?"

"Ni mtu anayelala mapema," alisema Juliet. "Nenda kalale."

Walikubaliana Emilio aende Rejaf, kwa mjomba wake mwenye shamba la bamia kando ya mto, akae huko mpaka vumbi litulie. Lakini mvua ilishuka kwa hasira na hakuna boda ambaye angekubali barabara ile. Ataondoka kukipambazuka. Juliet alimfungia mkoba: shati, mswaki, nusu ya mkate. Akautoa mkate akaukata tena, akarudisha kipande kikubwa zaidi. Kila gari lililopita kwenye madimbwi liliwafanya wote wawili waache kufanya walilokuwa wakifanya. Walilala na nguo zao. Juliet alimweka Douglas kati yao, akamtia uji wa mchele kinywani tone kwa tone, na moyoni mwake akagombana na nafsi yake: ningenyamaza, ningempoteza mtoto; nimesema, nampoteza baba. Nani aliyenipangia hesabu hii?

Geti liligongwa kabla ya mwanga kukamilika.

Emilio alikuwa tayari uani, mkoba begani, mguu mmoja juu ya ndoo ili aruke ukuta wa nyuma. Juliet alimsukuma kwa kiganja: nenda. Kisha akasogea getini.

"Nani?"

"Kenyi. Mwambie Emilio atoke na msumeno wake wa chuma."

"Hayupo. Amesafiri jana."

"Mama Flavia," sauti ya Kenyi ilikuwa imechoka, "geti lenu halifiki chini. Naona miguu yake juu ya ndoo."

Juliet alifungua kwa upana wa uso tu. Kenyi alikuwa na koti lilelile la jana, limelowa, na macho ya mtu asiyelala. Nyuma yake, mwisho wa barabara, palisimama gari jeupe, injini inanguruma, vioo vimepandishwa.

"Wale ni nani?"

"Wametumwa na Mheshimiwa. Waangalie kama inafunguliwa."

"Kama nini inafunguliwa?"

Kenyi alitazama nyuma, akasogeza mdomo karibu na chuma, karibu na kovu jipya la ile taa ndogo.

"Aliniita jana jioni. Aliniuliza nani amefunga pampu. Nikasema sijui. Akaniuliza tena, halafu akasema pampu ifunguliwe alfajiri." Alijifuta uso kwa kola. "Niliifunga mimi, mama Flavia."

"Wewe?"

"Mkesha wa kura! Alikuja kijana mmoja wa tume ya uchaguzi, akasema alama yoyote ya mgombea iliyo karibu na kituo ifunikwe, la sivyo kura za kituo hiki zitafutwa. Nikafunika. Gunia likapeperuka, nikaweka mnyororo. Nilifanya kama nilivyoambiwa! Kura zikaisha, nikangoja aje aniambie funua. Hakuja. Tukangoja matokeo. Matokeo yakaja, nikasema sasa nikifunua taa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, watasema Kenyi ni wa Taa. Nikasema bunge likikaa litatuma mtu."

Juliet alimkodolea macho. Miezi ile yote. Maji ya lori, dripu, kifua cha mtoto gizani. "Na ufunguo?"

"Nilitupa mtoni. Wiki ile Cirillo alipopotea. Niliogopa nisikutwe nao."

"Usikutwe na ufunguo wa maji?"

"Wa pampu ya Taa!" Karibu alie. "Wa pampu ya Taa, mama Flavia! Usinifanye kama hukuogopa wewe."

"Na Cirillo yuko wapi?"

"Haki ya Mungu, hilo silijui. Hilo kweli silijui."

Emilio alikuwa amesogea. Alisikia yote, lakini uso wake ulikuwa bado wa mtu aliye juu ya ndoo. Alimwangalia Juliet, na Juliet akaelewa anachouliza: hili ni kweli, au ni njia ya kunitoa nje kwa heshima, na msumeno wangu mkononi, hadi penye gari? Alimfunga Douglas mgongoni, akakaza fundo, akamwamsha Flavia, naye akaokota kijerikeni chake.

"Tunakwenda wote," alisema. "Wakikuchukua, watuchukue na uji wetu."

Walitembea mbele ya gari jeupe, nalo likawafuata taratibu, matairi yakinyonya matope. Milango ilifunguka nyufa nyufa njia nzima. Walipofika shuleni Cissy alikuwa ameshatoka, unga mikononi, na wanawake wengine nyuma yake, jerikeni tupu mikononi mwao. Hakuna aliyewaita.

Emilio alipiga magoti. Krii, krii, krii. Sauti ileile ya jana alfajiri, safari hii bila kitambaa, mbele ya kila mtu. Msumeno uliteleza mara kadhaa ukamkwaruza kidole, akaendelea. Mnyororo ulipoanguka baadhi ya watu walirudi nyuma. Kenyi akavuta gunia. Taa kubwa ikaonekana, imeota kutu, utambi wake wa chuma umesimama wima.

Gari lilikuwa limesimama kwenye kona ya ukuta. Kioo cha nyuma kilishuka kidogo, na mkono wenye simu ukatokeza, ukaielekeza simu kwenye pampu, kwa Emilio, kwa wanawake. Labda ilikuwa picha ya kumwonyesha Mheshimiwa kwamba amri yake imetekelezwa. Labda ilikuwa picha ya nyuso.

"Haya," alisema Kenyi, naye akapiga hatua nyuma. "Tekeni."

Hakuna aliyesogea. Mpini wa pampu ulikuwa hapo, umeinuka, unang'aa unyevu wa mvua. Wanawake walitazama mpini, wakatazama mkono ule dirishani, wakatazamana. Kila mmoja alingoja mwingine awe wa kwanza kuonekana akishika pampu ya Taa. Hata Cissy, kwa maneno yake yote, alibaki akijifuta unga usiotoka.

Sogea, Juliet alijiambia. Ni wewe uliyeomba. Douglas alikohoa mgongoni, kikohozi chepesi kama cha paka. Alitaka kusogea. Miguu yake ilikuwa ya mtu mwingine, mtu aliyetajwa jina jana na kubonyezwa kwenye simu. Emilio alikuwa bado amepiga magoti, damu ya kidole ikidondokea mnyororo, hajathubutu kuinuka.

Ndipo akahisi mkono mdogo ukichomoka mkononi mwake.

Flavia alikwenda moja kwa moja, kijerikeni chake cha mafuta amekiacha chini. Aliruka akaudaka mpini kwa mikono miwili, akaning'inia nao mpaka ukashuka, akauachia, akaruka tena. Pampu ilikoroma. Ikakoroma tena, ikatapika uchafu mwekundu wa kutu. Mtoto akaning'inia mara nyingine, gauni limempanda tumboni, na mdomo wa bomba ukafunguka, maji yakaja, membamba kwanza, halafu mazito, meupe, yakipiga saruji na kukimbilia miguuni pa watu waliosimama kimya.

Akageuza uso, amekunja nyusi kwa kukerwa na watu wazima wote hawa.

"Mama, leta jerikeni, maji yanamwagika."